Karatasi Niliyotia Dole Bila Kuisoma

Bwana asifiwe! Itikieni kwa nguvu, maana leo sikuja kulia. Nimekuja nimekasirika, na Bwana anajua.

Mimi ni Mama Neema wa hapa Mapinga, mjane. Nilizaliwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Mama yangu alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, jioni, akitoka kulima. Redio ilisema ujinga ni adui, naye akaamini. Mimi akanisomesha hadi darasa la saba. Kusoma najua!

Kisha lami ikaja, na watu wa Dar wakaanza kutafuta viwanja. Mashamba ya muhogo yasiyotazamwa na mtu yakawa mali. Mume wangu alipofariki, shemeji yangu, kaka yake mkubwa, alikuja na karatasi. Akasema ni ya mbolea ya ruzuku, nitie dole. Ndugu zangu, sikuisoma! Niliona haya. Utasomaje karatasi mbele ya mkubwa wako, kana kwamba unamwita mwongo? Nikatia dole kama mtu asiyejua a e i o u. Adabu gani ile!

Siku moja nikakuta watu wanajenga kwenye muhogo wangu. Shemeji akasema niliuza mwenyewe. Wazee wa kanisa wakaniambia nisamehe, nisiaibishe ukoo. Nikanyamaza, moyo unachemka. Nyumba ilipokwisha nikabeba dumu la mafuta ya taa, nikaenda kuichoma.

Asante Yesu! Alitoka binti mjamzito. "Shikamoo, mama. Karibu ndani." Nikaweka dumu chini, nikalia, nikamwambia mimi ni nani. Akashtuka. Yeye alipouziwa aliambiwa mwenye shamba amehamia Chalinze! Naye ametapeliwa, maskini. Akaniletea ile karatasi yenye dole langu, kumbe ni hati ya mauzo.

Ndugu zangu, Mungu aliniokoa nisiwe muuaji. Hakuniokoa ili ninyamaze! Kesho binti huyo ananisindikiza baraza la ardhi, na ninamshukuru Mungu kwa ajili yake. Na wewe unayemwogopa mkubwa wako kuliko unavyomwogopa Mungu, mtumaini Bwana, fungua kinywa chako.

Shemeji yangu yule pale, benchi la wazee. Shahidi aliyemtilia saini kwenye hati hiyo amekaa kando yake. Shikamooni, wazee wangu. Karatasi ninayo hapa. Kaeni, msitoke. Naisoma.