Dua Mbili Katika Dungu Moja

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mliokaa hapa mbele, asifiwe na ninyi mliojibanza kule mlangoni ili mtoke mapema. Leo naomba msitoke. Kuna jambo Mungu alinitendea mimi na mume wangu kwenye bonde la Rufiji, na kila ninapolisimulia bado nabaki na maswali.

Wengi mnanijua, mimi ni Raheli, mke wa Mwalimu Yona. Mnajua pia kwamba mimi ni mtu wa kuuliza. Mama yangu alikuwa akisema nikifika mbinguni nitamchosha malaika wa mlangoni kabla sijaingia. Basi nivumilieni, maana ushuhuda wangu nao una maswali mengi.

Tulikuwa tumeoana juzi juzi kule Muheza, Yona akapangiwa kufundisha huku kusini, karibu na mpaka wa Wareno. Akaniambia tutasafiri kwa lori, na kwamba kabla ya kwenda shuleni tutapumzika siku chache hapa Mikindani, mimi na yeye tu, tutembee pwani kama watu wasio na kazi. Alikuwa hajawahi kuuona mji huu, lakini aliusimulia kana kwamba kitovu chake kimezikwa hapa. Nami nikamwuliza mengi. Samaki anayeogelea mpakani ni wa Mwingereza au wa Mreno? Mtu akiwa na shangazi ng'ambo ya Ruvuma, akitaka kumwamkia anaomba ruhusa kwa nani? Yona alicheka, akasema tutakwenda kuwauliza wenyewe. Ndugu zangu, nilikuwa na furaha sana.

Tulipanda lori la Mhindi mmoja mwenye duka Kibiti. Tulipofika hapo dukani kwake, yule mzee alitoka nje akatazama mawingu, akatuambia, "Mwalimu, mto unapanda. Kaa hapa na mama, maji yakishuka utaondoka." Yona akamshukuru, akasema tutawahi kuvuka. Mume wangu ni mtu wa namna hiyo. Kwake yeye kila mto unamsubiri apite kwanza.

Hatukuwahi. Tulipofika Ndundu tulikuta pantoni imefungwa kwa minyororo kwenye miti, na maji yanapita kwa kasi, mekundu, yamebeba magogo na vichaka vizima. Dereva akageuza lori kurudi Kibiti. Yona akakataa kurudi naye, akasema kesho yake pantoni itatembea. Usiku huo mvua ikanyesha, na barabara tuliyoijia ikageuka uji. Mbele mto, nyuma tope. Hapo ndipo tulipokwama.

Mama mmoja aliyekuwa akipita na kapu lake alituona tumekaa juu ya masanduku yetu, akasimama. Jina lake Bi Somoe, Mndengereko, mjane, Mwislamu wa swala tano. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akamtazama Yona kwa muda, kisha akasema, "Huyu bwana wako ana homa, mwanangu. Twendeni kwangu." Mimi nilikuwa sijaona. Nilidhani macho yake mekundu ni vumbi la safari.

Kwake kulikuwa bondeni, katikati ya mashamba, na nyumba yenyewe ilikuwa dungu. Kwa ninyi msiolijua, dungu ni kibanda kilichosimamishwa juu ya nguzo ndefu za miti, unapanda kwa ngazi. Watu wa kule wakati wa kilimo wanahamia humo, wawinge ndege na nguruwe, na mto ukifurika maji yapite chini yao. Ndugu zangu, hata na mgonjwa mkononi sikuacha kushangaa. Moto wanaukoka juu ya sakafu ya miti, kwenye udongo uliofinyangwa, na nyumba haiungui. Kuku wanapanda ngazi wenyewe jioni ikifika. Niliuliza nguzo ni za mti gani, akanijibu ni mikoko kutoka visiwani, mto unapoingia baharini, maji hayaili upesi. Niliuliza paka naye anapandaje. Bi Somoe akasema, "Wee mtoto, ukimaliza kuuliza utanisaidia kutwanga."

Kila asubuhi alishuka kutazama kijiti cha kupimia maji alichokichomeka ukingoni mwa shamba lake la mpunga. Majirani nao kila mmoja alikuwa na chake. Wakipishana njiani, hata kabla ya kuulizana habari za watoto, waliulizana maji yamefika wapi. Nami nikawa nashuka naye, natazama. Nilikuwa nataka kijiti kikae kikavu. Maana mto ulikuwa umejaa ndani ya kingo zake tu: maji yalikuwa mengi ya kuzuia pantoni, lakini hayakuwa yametoka kuingia mashambani. Nilihesabu kwamba yakishuka kidogo tu, tutavuka, na ng'ambo, upande wa juu wa mto, kuko Utete penye boma na hospitali.

Homa ya Yona ilikuwa haishuki. Kwinini niliyokuja nayo iliisha. Macho yake yakawa manjano, chakula akakikataa, na mwisho akawa ananiita kwa jina la dada yake. Kumbeba kwa machela haikuwezekana, wanaume walijaribu wakazama tope mpaka kiunoni hata shamba la pili hawajafika. Mitumbwi ilikuwa mbali, kwenye mto wenyewe, na hakuna aliyethubutu kupanda nayo kukabili mkondo ule. Basi nilibaki na jambo moja, kuomba. Nilipiga magoti juu ya sakafu ile ya miti, nikasema, "Bwana, wewe uliyeitenga bahari, shusha maji haya." Niliomba asubuhi, niliomba jioni, niliomba huku nakoroga uji asioutaka. Shusha maji. Shusha maji.

Siku moja Bi Somoe akanipa mchi. Akaleta mchele, akasema tutwange unga, kuna dua kwa jirani. Nilitwanga kwa moyo wote. Nilijiambia, mama huyu ametupokea, ametulaza pazuri kuliko yeye mwenyewe, nami nimpe walau nguvu za mikono. Tukapika vitumbua, akina mama wakaja na mikeka, mwalimu wao akasoma, wakaitikia, na watoto wakala wakashiba. Nami nilikaa pembeni nimejifunika khanga, na wao waliposema amin, nikasema amina. Yona alikuwa juu dunguni amelala, napanda kumtazama, nashuka.

Walipoondoka nikauliza, kama kawaida yangu. "Bi Somoe, dua hii ilikuwa ya nini?"

"Ya maji, mwanangu. Yaje."

"Yaje wapi?"

"Si huku mashambani. Mpunga umesimama, unayataka. Na yakishapita ndiyo tupande pamba na mahindi kwenye tope lake, mlao wetu huo. Yasipokuja sie hatuna kitu."

Ndugu zangu! Nilikuwa nimetwanga unga wa dua inayopinga sala yangu! Nilikuwa nimeitikia amina juu yake! Nilikasirika, nawaambia ukweli. Nikamwambia, "Mume wangu anakufa ndani ya nyumba yako, nawe unayaita maji?"

Hakunigombeza. Aliketi kwenye kipago cha chini cha ngazi, akakunja miguu. "Mwaka jana hayakuja," akasema. "Tulichimba mizizi porini. Mtoto wa binti yangu hakufika msimu wa kuvuna. Sasa mie niombeje, mwanangu? Nambie wewe, niombeje?"

Mimi mwenye maswali nilipewa swali moja tu nikashindwa. Nilipanda ngazi, nikakaa karibu na Yona, nikamshika mkono uliokuwa moto, na nikaanza kufikiri. Mungu aliye juu ya dungu hili ni mmoja. Chini yangu kuna mjane anamwambia leta maji ili watoto wale. Juu hapa nipo mimi namwambia shusha maji ili mume wangu aishi. Sote wawili tunalia kweli. Amsikilize nani? Na yule atakayesikilizwa, atawezaje kumtazama mwenzake usoni? Niliona aibu kusema tena shusha. Kusema leta sikuweza. Nikasema tu, "Bwana, huyu ni Yona. Unamjua. Nimekuachia." Nililia mpaka machozi yakakauka, kisha nikalala palepale nilipokaa.

Maji yakaja asubuhi. Sikusikia kishindo chochote kama nilivyotarajia. Nilisikia vigelegele vya akina mama kutoka dungu hadi dungu, nikatoka, nikaona bonde lote linang'aa. Yalikuwa yanaingia polepole katikati ya mashina ya mpunga, yanasukuma mapovu na majani makavu mbele yake. Bi Somoe alikuwa amesimama ndani ya maji, yamemfika magotini, anacheka na kulia. Nami nilishika nguzo ya dungu, nikasema moyoni, basi, Yona amekufa. Bi Somoe ameshinda na mimi nimeshindwa.

Kufikia saa ya kupika chakula cha mchana ngazi ilikuwa imezama nusu. Nikamwona mtu anakuja juu ya mashamba, amesimama, anateleza. Alikuwa Athumani, mdogo wake Bi Somoe, mvuvi na mkata boriti huko visiwani, anasukuma mtumbwi kwa pondo juu ya palepale wanaume walipozama tope na machela. Akaufikisha mpaka kwenye ngazi, akaufunga kwa kamba.

"Mleteni mgonjwa," akasema. "Nilikuwa nayasubiri haya maji kuliko hata dada."

Nikamwuliza, mkondo je? Akaniambia mkondo uko mtoni, na sisi hatupiti mtoni, ila pa kuvukia tu. Mto ukishafurika, dada, maji ya mashambani yamelala, unasukuma mtumbwi unakotaka. Akaniambia na yeye, tangu asikie habari za mgonjwa, alikuwa akitazama kijiti chake siku zote zile, anangoja maji yatoke yafike dunguni amchukue Yona.

Tulimteremsha kwa shuka. Bi Somoe akanifungia vitumbua vilivyobaki, vya ile dua, akaniambia, "Nenda, mwanangu. Ukifika Utete usiulize maswali, lia tu, watakufungulia haraka." Hata siku ile alinichekesha.

Tukaenda juu ya mpunga. Niliona vichwa vya mpunga vinapiga ubavu wa mtumbwi, niliona panya wamejazana juu ya kichuguu, niliona masikio ya kiboko yametokeza pale palipokuwa na njia ya miguu, na Athumani akampisha kwa heshima kama mtu anavyompisha mkwewe. Pale tulipolazimika kuuvuka mto wenyewe, alichagua mahali anapopajua, akaniambia nifumbe macho. Sikufumba. Nilitaka kuona. Nilimshika Yona kwa mikono yote miwili, mtumbwi ukayumba, maji yakaingia, nikapiga kelele jina la Yesu na Athumani akapiga kelele jina la Mungu wake, na tukatokea upande wa pili.

Utete walimpokea, wakamchoma sindano. Mganga akasema ini limeguswa, tusubiri. Nikasubiri nimekaa chini kando ya kitanda, wala sikumpangia Bwana afanye nini. Asubuhi moja Yona alifumbua macho, akanitazama, safari hii akaniita kwa jina langu. Akauliza, "Tumevuka?"

Nikamwambia, "Tumevuka."

Aleluya, ndugu zangu! Mume wangu yu hai, yule pale, anajifanya anatazama dari. Na mwaka ule bonde la Rufiji lilivuna. Tulipopata nguvu za kuendelea na safari nilituma salamu kwa Bi Somoe, naye akanirudishia kibaba cha mchele mpya na maneno haya: maji yalikuja, kisha yakashuka tukavuna; mwambie Bibi Mwalimu, dua yake nayo nimeila.

Sasa nimesimama leo kwa sababu moja. Juzi katika sala ya akina mama tuliomba maji ya Rufiji yashuke, malori yavuke, sukari na mafuta ya taa vitufikie kabla ya arusi iliyo karibu hapa kanisani. Wote mliitikia amina, mimi nilinyamaza, na wengine mlinitazama mkadhani nimekasirika. Sikukasirika. Nilishindwa tu. Ombeni sukari, ombeni mafuta ya taa, Mungu hachoki na sisi. Lakini kule kuna mwanamke amelima, na yeye pia amepiga magoti asubuhi ya leo.

Nawe ambaye una mgonjwa ndani, au una jambo ambalo umeliombea na unaona linakwenda kinyume na ulivyosema, usiondoke mbele za Bwana. Njoo tuombe pamoja hapa mbele, usione haya. Mpe mgonjwa wako, mtajie jina lake. Ila mto usimpangie.