Mbio kwa Majina ya Watu

Benchi letu liko mbele ya mlango wa pili wa jengo la wafanyakazi wa kiwanda cha pampu, pale theluji inapowahi kuyeyuka. Asubuhi ile tulikuwa watatu na chupa moja ya chai: Kanali, ambaye jeshini alikuwa mpishi, Nati, fundi wa kukereza vyuma kwa miaka thelathini, na mimi, ninayeitwa Karani kwa sababu ndiyo kazi niliyostaafia. Wa nne wetu, Platon, alikuwa ghorofani, ndani ya jeneza. Huku kwetu milimani Urali jeneza hutanguliwa na kimto chekundu kilichobandikwa nishani za marehemu, na mjane wake, Faina, alikuwa ameshakishona. Alituteremkia kuuliza beji ya mazoezi ya mumewe iko wapi, ile ya “Tayari kwa Kazi na Ulinzi” waliyopewa waliofaulu majaribio ya kukimbia, kuogelea na kurusha, maana nishani nyingine Platon hakuwa nayo. Tukamwahidi kuitafuta. Alipopanda tu, tukatazamana. Platon hakuwahi kupewa. Na mazishi yalikuwa saa nane.

— Tumwambie imepotea, — akasema Kanali. — Mficha uchi hazai.

— Hiyo methali ya hospitali, mzee. Hapa tunazika, — akasema Nati. — Hebu niambie, mtu mwenye mapafu kama yale anakosaje beji? Mimi ninayo, na sijawahi kukimbia hata kulifukuza basi.

— Unayo kwa sababu alikimbia yeye kwa jina lako.

— Na wewe je?

— Mimi alinikimbilia kilomita tatu, akarusha na guruneti la majaribio kwa jina langu. Kuogelea niliogelea mwenyewe.

— Toka hapa! Uliing'ang'ania ngazi ya bwawa kama mtoto na ziwa la mama yake!

Ndivyo ilivyokuwa enzi zile. Kiwanda kilipangiwa idadi ya beji kwa mwaka kama kilivyopangiwa idadi ya pampu, na kila karakana ilitakiwa kutoa wanamichezo wake. Karakana yetu ilikuwa na mmoja. Jumamosi moja ya mwezi wa tano Platon alikimbia mara nne, kila mara na namba nyingine kifuani. Mwamuzi, naye akiwa na idadi yake ya kutimiza, alitazama mawingu.

— Mimi nasema jina lake lilirukwa tu orodha ilipopigwa taipu, — akasema Nati.

— Thubutu! Wakubwa walimwogopa. Wangempa beji, wangempeleka mashindanoni nje, akaunganisha moja kwa moja asirudi. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Za Platon zingeishia Ufini.

— Platon aache supu ya kabichi ya Faina? Acha zako.

— Basi sikiliza. Ile ndege ya kijasusi ya Wamarekani iliyotunguliwa hukuhuku Urali mwaka wa sitini, ilikuwa inatafuta nini? Pampu zetu zinazovuja? Ilikuwa inahesabu beji! Wakiona moja, wanajua tuna mkimbiaji mmoja. Wakiona ishirini, hawalali.

— Kutoka mawinguni waone beji kifuani?

— Kwa nini basi zilifanywa zing'ae, Nati? Fikiri, bwana!

Nati alicheka mpaka chai ikamwagikia gotini. Kisha akanigeukia.

— Karani, orodha ya beji si ulikuwa unaandika wewe?

Nilikuwa naandika mimi. Baba yake Platon alichukuliwa na polisi wa siri mwaka wa thelathini na saba, asirudi, na mkuu wangu aliniambia jina la mtoto wa adui wa taifa lisipelekwe juu. Aliniambia mara moja tu, mwaka mmoja. Miaka iliyofuata hakuna aliyenikumbusha, nami sikuuliza. Nikaendelea kuliruka.

Kabla sijafungua kinywa, mlango ulisukumwa, akatoka Agnia, binti wa Platon na Faina anayeishi mbali, aliyeshuka treni alfajiri. Nati akamsogezea nafasi, akamtilia chai.

— Baba yako, Agnia, alikuwa mashine, — akasema Kanali. — Mbio nne kwa siku moja! Kwa jina langu, kwa jina la Nati, kwa jina la marehemu Trofim wa karakana yetu…

— Na langu, — nikasema.

Agnia alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike. Akapuliza chai yake.

— Na kwa jina lake alikimbia lini?

Kanali akaitikisa chupa ya chai kuona kama imebaki. Nati akaanza kuchagua mbegu za alizeti kiganjani kana kwamba zinatofautiana.

Nikainuka.

— Unakwenda wapi? — akauliza Nati.

— Juu. Kwa Faina. Kuna jambo inabidi alisikie kwangu.

Ni ghorofa ya tatu tu. Nilipumzika kila ngazi zilipopinda, mimi mwenye beji.