Siku ya Kumpima Deborah

Kama mwaka ule wa tisini na nane uliwahi kupita kona ile ya Mtaa wa Grey, huku ugenini kusini, ukasikia watu wanafokeana kwa Kiswahili kana kwamba kuna urithi unagawanywa, basi ndicho kijiwe chenyewe hicho. Benchi moja refu limeegemea ukuta wa duka la vitambaa, na mbele yake cherehani ya Gustave, fundi wa Bukavu. Robot, yaani taa za barabarani, ikiwa nyekundu, madereva wa taxi wanasikiliza ubishi bure. Ikiwa kijani wanaondoka bila kujua nani kashinda. Kahawa ni ya Bi Kulthumu wa Tanga, chungu kama dawa, ila kashata zake zinamfanya mtu asahau kurudi kazini. Goodluck wa Moshi, muuza mikanda, hakosi. Wamempa jina la Wakili kwa sababu hajawahi kushindwa hoja hata siku asiyokuwa nayo. Na Dominiki wa Songea anaitwa Redio. Huyo hazimiki.

Siku hiyo Gustave alikuwa anashona kitu cheupe, kipana, kimemwagika mpaka nusu ya benchi.

— Fundi, hilo gauni au hema la mkutano wa injili? aliuliza Wakili.

— Ni robe ya mutoto. Anatimiza miaka kumi na tano. Toa kikombe yako hapo!

— Mtoto wa nani? Wa waziri?

— Wa madame mumoja anafundisha université kule Westville. Ni mutu wa Mexique, lakini alizaliwa Amerika.

— Meksiko ni mkoa wa Marekani, Redio alidakia. Kama Mtwara kwetu. Mbali, joto, na serikali imeusahau.

— Acha fiksi, Redio! Wakili alimkatiza. Meksiko ilikuwepo zamani. Marekani akaja kupanga chumba, mwisho wa siku akajiita mwenye nyumba. Jiografia hiyo, tafuta mtu akufundishe.

— Bon, nyamazeni niwaambie, Gustave alisema, sindano ikining'inia mdomoni. Kwao mutoto mwanamuke akifikisha hiyo miaka, iko misa kanisani, kisha ngoma. Baba anamuvua viatu vya chini, anamuvalisha vya kisigino, mbele ya watu wote. Na wanamupa mwanasesere, wa mwisho. Nyuma ya hapo hachezi tena.

Benchi likaanza kutafuta silaha.

— Nimeshaelewa, alisema Wakili. Baba hawezi kumvalisha binti viatu virefu bure. Vile viatu vina kelele. Binti akitoroka, ko, ko, ko, mzee kaamka! Ulinzi huo.

— Hapana bwana, siri iko kwenye mwanasesere, Redio alijibu. Ndani mna kinasa sauti. Habari zote zinapelekwa Washington.

— Habari gani? Binti kala nini?

— Ehee! Ndiyo maana wanauza chakula dunia nzima. Wanajua kila mtu anatamani kula nini!

— Astaghafirullah, Bi Kulthumu alisema akimimina kahawa. Nani kamtia huyu betri mpya leo?

Gustave alicheka mpaka akatoa sindano mdomoni asije akaimeza. Akawaeleza kwamba mtoto mwenyewe alikuwa hataki. Alitaka sherehe ya Kimarekani, atimize kumi na sita kwanza, ale piza na wenzake, waende sinema, basi. Mama akalia pale pale mbele ya cherehani, ameshika kitambaa. Mwishowe wakapatana: gauni atavaa, misa ataenda, lakini chini ya gauni raba zake, na piza ziwepo.

— Na nani kakubali hizo raba? Mama? aliuliza Bi Kulthumu.

— Bibi yake. Wamemupigia simu Texas, kwenye simu ya mukono. Bibi kasema, raba sawa, lakini ziwe nyeupe.

Alipofika hapo Gustave aliinama kwenye kazi yake. Hilo la simu lilimuuma, na hakupenda waone. Namba imepigwa, bibi kapokea, kajibu, imekwisha. Yeye tangu Agosti, vita vilipoanza tena, kila Jumamosi anakwenda kibanda cha simu, anapiga Bukavu, na kule hakuna kinacholia.

Lakini Bi Kulthumu si mtu wa kufichwa jambo.

— Na wako je? Si Jumapili hii Deborah naye anatimiza kumi na tano?

— Anataka keki na muziki ya kwaito. Ufukweni, na wenzake wa shule.

— Sijauliza anataka nini yeye. Nauliza kwenu mnafanyaje.

Gustave aliacha cherehani. Kwao walikuwa mafundi, babu na baba, na binti wa nyumba yao akifikisha umri alikuwa anapimwa. Mashangazi wanajaa chumbani, mama anakaa kimya pembeni, baba anaingia na futi kamba yake. Anapima bega, anataja kwa sauti, "Bega!", na mashangazi wanaitikia kwa pamoja, kila kiungo na kiitikio chake. Vipimo haviandikwi. Baba anakwenda navyo kichwani, anashona nguo ya kwanza ya kikubwa. Dada zake wote walipimwa hivyo. Kiongozi wa kuitikia alikuwa dada mkubwa, Immaculée, mwenye sauti ya kusikika mpaka ziwani. Na Deborah alikuwa anakaribia kufikisha umri huo bila kupimwa, kwa sababu kupima bila mashangazi ni kushona tu, na baba yake kila siku anasema kesho.

— Mimi nilifundwa, Bi Kulthumu alisema taratibu. Nikatolewa nje, nimepakwa manukato, wanawake wa mtaa mzima wananiimbia. Jamani, siku ile nilijiona! Binti yangu hapa mambo hayo kayasoma kwenye gazeti.

— Sisi Desemba tulikuwa tunapanda mlimani kwetu wote, alisema Wakili, na kwa mara ya kwanza hakubishana na mtu. Mbuzi anachinjwa, babu anataja majina ya waliokufa mmoja mmoja. Wanangu mimi wanajua Krismasi ni kuogelea.

— Basi ampime hapa, alisema Redio.

— Na mashangazi? aliuliza Gustave.

— Sisi hatutoshi?

— Mimi niwe shangazi, Redio? Wakili aling'aka. Na ndevu hizi?

— Kelele unazo, Bi Kulthumu alisema. Zinatosha.

Hawajamaliza kucheka, Deborah akatokea, sare ya shule, begi bega moja, chipsi mkononi.

— Sharp, Papa. Shikamoo, Ma Kulthumu. Munacheka nini?

Baba yake alitoa futi kamba shingoni, akamweleza. Binti akaangalia taxi zilizosimama kwenye robot, akaangalia benchi.

— Hapa? Mbele ya madereva? Eish, Papa!

Akasema hivyo, lakini begi akalitua, na chipsi akampa Redio amshikie.

Gustave aliwafundisha viitikio alivyovijua. Kisha akaweka futi kamba begani.

— Bega!

— Libebe mtoto, lisibebe maneno ya watu!

— Kiuno!

— Kijifunge chenyewe, kisifungwe na mtu!

Bi Kulthumu akapiga kigelegele cha Tanga, mpaka mwenye duka la vitambaa akatoka nje kutazama. Dereva mmoja akapiga honi. Deborah kajishika mdomo, anacheka, machozi yanamtoka.

— Shingo! Gustave aliita, akakwama. Hakujua kinachofuata.

— Ishike kichwa, kifaulu mtihani wa matriki! Wakili aliokoa jahazi.

— Na hesabu! aliongeza Redio, mdomo umejaa chipsi.

Wakacheka wote, na Gustave akahisi kifua kimemfunguka. Inawezekana, alijiambia. Inawezekana kabisa. Akavuta futi kamba.

— Mukono!

Deborah alinyoosha mkono. Wakili alifungua kinywa, lakini binti alimwahi. Sasa hakuwa anacheka.

— Papa, hapo kwa mukono, tante Immaculée angesema nini?

Wakili aliangalia viatu vyake. Redio, ambaye hazimiki, alizimika. Gustave alijaribu kuisikia sauti ya dada yake ikipita kwenye ule mlango wa mbao, bega, kiuno, na baada ya hapo vigelegele, kila mwaka vigelegele vile vile vikifunika yaliyobaki.

— Sijui, maman, alimwambia binti yake. Sisi vijana wanaume walikuwa wanatuweka inje ya mulango.

Deborah aliitikia kwa kichwa. Mkono hakuushusha, na baba yake hakuiondoa futi kamba.