Mgeni Mweupe

Nje ya kibanda cha Saburi, fundi redio wa Miembeni, kulikuwa na benchi refu ambalo kuanzia saa kumi jioni halikukosa watu. Saburi mwenyewe aliitwa Mawimbi, kwa sababu hakuna stesheni aliyoshindwa kuikamata. Mwenzake Bashiri aliuza kahawa chungu kwenye vikombe vidogo, na kwa kuwa alikuwa balozi wa nyumba kumi, kila alichokunywa mtu kilikuja na siasa kidogo. Mwalimu Gamaliel walimwita Kamusi. Wa nne, Mwijage, mpima kahawa wa chama cha ushirika, jina lake lilikuwa Mizani. Jumamosi hiyo ya mwaka sabini na nne, Mizani alifika mapema kuliko wote, na kwapani alikuwa na sahani ya santuri.

— Ni bendi ya mdogo wangu, alisema, akiifungua kwenye gazeti taratibu. Anatory. Yule anayepiga gitaa Nairobi.

Walimjua Anatory. Kwa miaka miwili Mwijage alikuwa amewasimulia habari zake mpaka wakazikariri. Jambo ambalo hakuwasimulia ni kwamba barua zilikatika tangu miezi saba iliyopita, na kwamba sahani hiyo ililetwa na abiria wa meli ambaye naye alipewa na mtu mwingine. Alikuwa amelikunjua lile gazeti mara mbili kutafuta hata kikaratasi cha salamu. Hakikuwamo.

Saburi akaiweka kwenye kinanda chake cha santuri, kile cha betri, akashusha sindano. Gitaa likaanza kukwaruza kama msumeno unaopasua mbao mbichi, ngoma zikafuata kwa kishindo, kisha mtu akaanza kuimba kwa Kiingereza, sauti kavu, kama aliyekunywa moshi.

— Spika yako imeungua, Mawimbi, alisema Bashiri.

— Spika yangu nzima. Ndivyo wanavyopiga vijana siku hizi. Wanakikoroga chombo makusudi mpaka kilie.

— Chombo kizima, halafu wakikoroge?

— Ndiyo ufundi wenyewe.

Mwijage aliona fahari hata kwa kile asichokielewa. Akamgeukia Gamaliel.

— Mwalimu, anasema nini?

Gamaliel akatega sikio. Kiingereza chake kilikuwa cha darasani, na huyu mwimbaji alikuwa anayameza maneno nusu.

— Kiitikio nimekipata. Mgeni mweupe amekuja kwangu. Nilimpa mkono, sasa hataki kuondoka.

Bashiri akaweka birika chini.

— Ndugu zangu, huo ni wimbo wa ukombozi. Mgeni mweupe ni nani kama si mkoloni? Ulimpa mkono, akakaa. Kijana wetu anaimba siasa safi kabisa, na nyinyi mnazungumzia spika.

— Mkoloni gani tena, na sisi tumeshajitawala? aliuliza Saburi. Huyo ni mwanamke wa Kizungu. Amehamia kwa mwenye wimbo na masanduku yake, anakula, hapiki. Sikia gitaa linavyolalamika.

— Mwanamke hawezi kufanya gitaa lilie hivyo.

— Wewe hujaoa Mzungu.

— Na wewe je?

Wakacheka. Saburi hakukubali kushindwa. Alipofikiri kidogo akasema pengine hilo gitaa lilikuwa mali ya padri mmoja wa zamani, akafa nalo, sasa roho yake imekaa ndani, na kila kijana akipiga, padri anaimba. Ndiyo maana sauti ni nzito na maneno hayasikiki, ni Kilatini. Bashiri akasema kama ni hivyo, basi padri huyo naye alikuwa mkoloni, na hoja yake bado imesimama. Kesho kutwa angeupeleka wimbo kwa katibu wa tawi upigwe mkutanoni kabla ya hotuba, wanakijiji wakiwa wanapangiwa viwanja vya ujamaa. Mwijage alikwishaiona picha hiyo, jina la mdogo wake likitajwa kwenye kipaza sauti.

— Rudisha nyuma kidogo, alisema Gamaliel. Pale katikati.

Saburi akairudisha. Gamaliel alisikiliza ameinama, kikombe kimesimama mkononi. Wimbo ulipokwisha hakukiinua.

— Si mkoloni, alisema. Wala si mke. Anataja kijiko. Anataja moto chini ya kijiko, na mkanda wa kufunga mkono mshipa utokeze. Huyo mgeni ni unga. Dawa ya kulevya. Watu wanajichoma sindano, na ukishaizoea ukiikosa unatetemeka kama mwenye homa.

— Kama bangi? aliuliza Bashiri.

— Bangi mtoto, Balozi. Hii inakula mtu.

Saburi ndiye aliyemkumbuka Mwijage.

— Lakini ndugu yako ni wa gitaa, Mizani. Anayeimba ni mwingine.

— Ni mwingine, alisema Mwijage haraka. Anatory sauti yake nyembamba. Alikuwa anaimba kwaya.

— Basi. Mwimbaji ana mambo yake, mpiga gitaa ana yake.

— Tena amefanya vizuri, aliongeza Bashiri. Anawaonya vijana.

Mwijage akashusha pumzi. Akaomba kikombe kingine, na ili kuonyesha hana wasiwasi, akamwambia Saburi aipige tena.

Mama yake, Ma Celina, aliwakuta katikati ya wimbo. Alikuwa ametoka kwao upande wa Rubya tangu jana kumtembelea Mwijage, na sasa alikuwa anarudi kutoka Buhembe kumwona shoga yake. Wanaume wakasimama kumsalimu, Gamaliel akampisha kwenye benchi.

— Karibu waitu, alisema kwa heshima. Kaa.

Hakukaa. Alisimama mbele ya kinanda, khanga ameishika kifuani, akisikiliza mpaka ile sauti kavu ilipopanda juu kwenye kiitikio na kukatika kidogo mwishoni.

— Huyu ni Anatory, alisema.

— Hapana, mama. Anatory anapiga gitaa.

— Nimemzaa mimi. Hapo mwisho anavyovuta pumzi, alivuta hivyo hivyo alipougua surua.

Hakujua neno hata moja la Kiingereza. Akawatazama mmoja mmoja: fundi, balozi, mwalimu, kisha mwanawe.

— Mtoto anaumwa. Nani anamuuguza?

Saburi akanyoosha mkono akainyanyua ile sindano juu ya sahani, na mtaa ukasikika tena, baiskeli, watu wakiitana dukani.

Mwijage alitaka kumwambia Anatory ana wenzake huko, kuna hospitali kubwa. Hakulijua jina la mwenzake hata mmoja.

— Mawimbi, alisema mwishowe, meli ya Mwanza inaondoka lini? Huko nitapata basi la Nairobi.

— Kesho jioni.

— Nitaomba ruhusa kwa katibu wa ushirika.

— Omba, alisema Ma Celina, na alikuwa ameshaanza kutembea. Huko kwenye tiketi waambie tuko wawili.