Papa Damien Mbonigaba na Balansi ya Wafanyakazi

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka Papa Damien Mbonigaba, muuguzi. Wengi wenu mlimjua. Wengi wenu aliwapandisha kwenye balansi, ile mizani yake ya chuma, mkateremka mmenuna. Alizaliwa katika milima ya Masisi. Amefariki Kashebere, upande wa Walikale, mwezi wa pili mwaka huu wa 1959, akiwa na miaka arobaini na sita. Ninarudia: muuguzi Damien Mbonigaba. Hakupenda kuitwa "ule wa balansi".

Mtanivumilia leo. Habari ya mtu huyu inanichosha roho, na sitaificha hasira yangu.

Mwaka wa 1951 Damien alipata kazi katika shule kubwa ya walimu, kule milimani juu ya Sake. Watu waliiita iniversité, yaani chuo kikuu. Haikuwa iniversité, lakini ilikuwa na ghorofa na madirisha mengi, na hayo yaliwatosha. Wanafunzi walikuwa na daktari wao. Damien alikabidhiwa wafanyakazi: wapishi, waashi, wafuaji, wapasua mbao. Watu themanini na wawili, na afya yao yote juu ya kichwa chake.

Shule ile ilijali sana afya ya wafanyakazi. Ilisema hivyo kila mahali. Kulikuwa na zahanati yenye kinini na dawa ya minyoo, iliyofunguliwa saa mbili hadi saa tano asubuhi. Na katika saa hizohizo hakuna mfanyakazi aliyeruhusiwa kuacha kazi. Kila Jumatatu kulikuwa na mazoezi ya viungo. Wapasua mbao, watu wanaovuta msumeno kutwa nzima mpaka mgongo unakataa, walipangwa uwanjani wanyooshe mikono juu, chini, juu, chini. Mpiga filimbi alikuwa Damien.

Mama Dancille, mjane wake, anakumbuka vizuri. "Alikuwa anarudia nyumbani na filimbi ku shingo," ananiambia. "Anasema, Dancille, leo nimefundisha watu ya musumeno namna ya kuchoka."

Yalikuwako makoti pia. Baridi ya Masisi asubuhi mnaijua. Kila mfanyakazi alipewa koti kuukuu la askari, zito, lenye mifuko mirefu inayokaribia goti. Yakumbukeni makoti hayo.

Balansi ndiyo iliyokuwa wazo la Damien mwenyewe. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, wafanyakazi wote wapimwe. Aliyepungua apewe siku kumi za kupumzika na chakula cha ziada: maharagwe, mawese, samaki wa chumvi. Msimamizi wa shule alikubali. Damien alilala usingizi mzuri siku hiyo.

Wa kwanza kupungua alikuwa mwashi mmoja, Léopold, mtu wa Kashebere. Hiyo ni mwaka wa 1953. Damien aliandika kitabuni: Léopold amepungua kilo tano, apumzike. Kisha akashuka Sake kuchukua dawa. Msimamizi akasoma kitabu. Akasema mwashi dhaifu hajengi ukuta, akamfukuza siku ileile. Damien aliporudi aliambiwa Léopold ameenda kupumzika kwao. Akafurahi. Ndiyo, wasikilizaji wapendwa, akafurahi.

Tangu mwezi uliofuata hakupungua mtu tena. Hata mmoja. Mwezi kwa mwezi kilo zilipanda. Damien akatazama kitabu, akatazama watu, akaona vitu viwili visivyojuana. Édouard, mpasua mbao, naye mtu wa Kashebere, alikuwa ameshaacha mkanda na kufunga suruali kwa kamba, maana matundu yalikwisha. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Alikohoa mpaka anashika mti. Lakini kitabu kilisema: mwezi wa kwanza kilo hamsini na saba, mwezi wa tatu hamsini na nane, mwezi wa tano hamsini na tisa.

Damien akailaumu mashine. Aliifungua, akaipaka mafuta, akaifunga. Akaipima kwa gunia la chumvi ambalo uzito wake aliujua. Gunia halikudanganya. Akaandika barua tatu kuomba balansi nyingine, na barua zote tatu hazikujibiwa.

"Ile miezi, alikuwa anasema na balansi kuliko alikuwa anasema na miye," anasema Mama Dancille. "Nilimuambia, Papa, ile mashini haina masikio. Ulizia watu."

Hakuwauliza. Hapo ndipo ninapomkasirikia, Mungu amrehemu. Alikuwa na watu themanini mbele yake kila mwezi, akauliza chuma.

Na msimamizi naye akasoma kitabu. Kilo zimepanda, watu wamenenepa, kwa nini tunawalisha hivyo? Akapunguza maharagwe kwa theluthi moja. Aliyekipeleka kitabu ofisini, kwa mkono wake, kikiwa kimeandikwa kwa mwandiko mzuri, alikuwa Damien.

Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa sita, 1954, Édouard alipanda balansi. Kilo sitini. Akateremka, akapiga hatua mbili, akaanguka. Koti likafunguka. Mawe manne yakatoka mifukoni yakabingirika juu ya sementi. Mawe ya mtoni, laini, kila moja la kushikwa kwa mikono miwili. Wengine waliokuwa kwenye mstari wakashika mifuko yao.

Damien alipiga magoti akamwinua kichwa. Akafoka: "Édouard, munanibebea mawe? Miye, mwenye kuwatafutia chakula?"

Édouard alijibu polepole, maana pumzi ilikuwa haba. "Papa Damien, ile mawe njo inalinda kazi yangu. Niko na watoto ine. Uliandika Léopold. Alienda wapi?"

"Alienda kupumzika kwenu."

"Walimufukuza. Alikufa mwezi wa kenda. Hakuna mwenye alikuambia, juu tulifikiri unajua."

Mama Dancille anasema mumewe alisimulia sehemu hiyo mara moja tu maishani mwake.

Siku ile Damien alifunga mlango, akawavua watu makoti, akawapima upya wote themanini na wawili. Édouard alikuwa na kilo arobaini na tisa. Sikilizeni tena: kitabu kilisema sitini, mtu alikuwa arobaini na tisa. Aliandika kilo zote za kweli. Majina hakuandika hata moja. Akapeleka kitabu.

Msimamizi akauliza: huyu wa arobaini na tisa ni nani? Damien akajibu kwamba hakumbuki. Na huyu wa hamsini na moja? Hakumbuki pia. Akaulizwa hivyo mpaka mwisho wa ukurasa, na mpaka mwisho wa ukurasa muuguzi aliyewajua watu wale kwa minyoo yao hakukumbuka mtu.

Msimamizi hakuweza kufukuza kilo. Mkaguzi wa serikali alikuwa njiani, naye angekisoma kitabu, na kilikuwa kimeandikwa kwa wino. Maharagwe yakarudi baada ya wiki mbili. Édouard na wenzake kumi na mmoja wakapumzishwa bila kupoteza kazi. Mazoezi ya Jumatatu, bila shaka, yaliendelea.

Damien aliondolewa. Walipomuuliza anataka kupelekwa wapi, alisema Kashebere. Akafika, akaenda kwanza kwa mama yake Léopold, akakaa chini uani kwake mpaka akapewa ruhusa ya kusema. Akahudumia zahanati ya pale karibu miaka mitano. Kila mtu aliyepimwa alivua koti kwanza. Na kabla ya kuandika aliuliza: nikiandika hii, nani atakuumiza?

Sasa nifike mwisho, nao ndio unaonichosha. Mwaka jana wauguzi wenyewe walianza kupimwa. Atakayeonekana mgonjwa apelekwe hospitali, na zahanati yake ifungwe mpaka apatikane mwingine. Mwezi wa kumi na mbili mkaguzi alitoka Walikale akampima Damien. Kilo sitini na sita. Mzima kabisa. Miezi miwili baadaye tulimzika; kifua ndicho kilichomuua.

"Nilikuwa nakunja nguo yake, nipatie ndugu yake," anasema Mama Dancille. "Koti ilikuwa nzito. Nikaingiza mukono mu mufuko."

Mawe mawili. Hata yeye.

"Nilikasirika," anasema, "nikakaa pale chini na nilimutukana, na alikuwa amekwisha kufa."

Mama Dancille, na watoto wenu, na ukoo wote kule Masisi, poleni sana. Kaka Édouard, uliyetembea kwa miguu siku mbili kuja kuzika, pole. Nanyi mnaopima watu, wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, mtu akiwaambia kwamba yuko mzima, fikirini kwanza yule wa mwisho aliyewaambia ukweli mlimfanya nini.

Mawe yale mawili Mama Dancille hakuyatupa. Ameyaweka kwenye mlango wa zahanati, yanauzuia usijifunge. Muuguzi mwingine bado hajapatikana.