Randa ya Baba na Kabati la Kioo

Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu mwenyekiti wa Chama cha Kuhifadhi Zana na Kazi za Kale, waheshimiwa wajumbe wa kamati, wageni waalikwa, nanyi mafundi wenzangu mliopangiwa viti vya nyuma, kule karibu na choo: nawasalimu nyote, na nyinyi wa nyuma nawasalimu mara mbili.

Nimeombwa nieleze historia ya chama, kisha nimkabidhi mwenyekiti randa ya marehemu baba yangu, ikae kwenye kabati lile la kioo. Historia yenyewe ni fupi. Chama kilizaliwa kwenye karakana yetu: baba, ambaye alikuwa seremala, mhunzi jirani yake, na mama mmoja mfinyanzi ambaye hakuna aliyethubutu kumbishia. Sharti lilikuwa moja: ukileta zana, uifanyie kazi mbele ya wenzako, usipoweza, unafundishwa. Mhunzi alipofundishwa kufinyanga, akatoa chungu kilichopinda, mama yule akamwambia, "Shemeji, hiki kitafaa kunyweshea kuku, tena kuku mvumilivu." Tulicheka mpaka basi, lakini mwezi uliofuata mhunzi alirudi kujaribu tena.

Kisha mkaja nyinyi. Mlituletea katiba, nembo, na tai zenye picha ya nyundo. Je, kati yenu mliovaa tai hizo, nani amewahi kupigilia msumari? Nyoosheni mikono, msione haya. Naam, nimeona.

Jengo hili lilipokaribia kwisha, kamati ikakaa kikao ikagundua hatari kubwa: kumbe zana zina makali! Mgeni anaweza kujikata! Basi mkaagiza patasi zote zisagwe ziwe butu, misumeno ikapigwa tupa mpaka ikaisha meno, halafu vyote vikapakwa vanishi. Hongereni sana. Wengine huhifadhi misumeno. Nyinyi mmehifadhi mabati yenye mipini. Nilipolalamika, mwenyekiti alinijibu kwa upole, "Dada, umbo limebaki." Umbo! Hata maiti ana umbo.

Zana pekee yenye makali humu ndani ni hii niliyoishika. Baba aliinoa mara ya mwisho akiwa hawezi tena kusimama, akaniambia, "Usiiache ikalala, mwanangu." Nilimpenda mzee yule, na leo nina hasira, sifichi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, asubuhi umeusukuma mlango wa ukumbi huu kwa bega, walinzi wakikusaidia. Unakwama kwa juu. Ukumbi mzima wa kuenzi useremala, umejaa zana, na hakuna hata moja inayoweza kuupunguza mlango!

Kwa hiyo kabati litabaki tupu. Fundi mmoja wa huko nyuma aje anishikie mlango. Nitaupiga randa sasa hivi, kisha randa naondoka nayo. Maranda yatakayodondoka yaokoteni myaweke kwenye kioo. Hayo hayamkati mtu.

Nashukuru mmenivumilia hadi mwisho. Sasa nipisheni.