Mlango wa Mbambakofi

Uhuru ulikuwa mchanga bado. Katika basi la Likoni, Mwanatumu aliketi nyuma ya wazee wawili, mmoja seremala aliyepakata ubao mpana.

"Mbao mpya za mbambakofi hazinunuliki kwa ughali," seremala alisema. "Nachukua milango ya zamani ya waliohamia plaiwudi. Huu nilipewa bure na bibi mmoja wa Gazi."

"Nami nilihamia," alijibu mwenzake wa kiti, mzee Matano wa Gazi. "Mvua ya kwanza tu, mlango ukavimba. Sasa nyumba yalala wazi." Kisha akaupapasa ubao. "Kovu hili ni la panga la shemeji yangu. Fundi, mlango huu ni wangu."

"Ulikuwa wako, ndugu yangu. Sasa ni meza ya mwalimu aliyeniagiza."

Basi liliposimama Likoni, wote wawili walikuwa bado wameung'ang'ania. Mwanatumu naye, aliyenogewa na mabishano yao, alikuwa bado hajashuka, na kwao Tiwi kulikwisha kupitwa zamani.